Jina la Baada ya Jando

Newala, kidato cha pili. Ubao una ufa,
na ufa unapita kati ya Na na Cl.
Mwalimu Chinunga anaandika juu yake
kana kwamba haupo.

"Huyu nani?"

Kimya. Nje mashine ya salfa inanguruma
kwenye mikorosho ya jirani.
Vumbi la njano linaingia dirishani,
linatua kwenye madaftari, kwenye kope za Somoe Likapa.
Herufi moja tu, S, na darasa zima linafikicha macho.

"Sodiamu klorini," nikasema.

"Wewe uliingia jandoni ukiitwa nani?"

Sikujibu. Wote walijua.
Niliingia Sikujua, nikatoka Hashimu,
na anayeniita lile la zamani
ananitafuta ugomvi.

"Basi na huyu kaingia klorini,
kashikana na mwenzake, katoka kloridi.
Wa mbele habadiliki.
Wa nyuma ndiye anayekatwa mkia."

Wavulana tuliinama. Wasichana walicheka
mpaka mwalimu mkuu akaja mlangoni.

Tangu siku hiyo nikashikwa na uchu wa majina.
Kutu ya jembe: oksidi ya chuma.
Mrututu wa kidonda cha babu: salfeti ya shaba.
Nikasimama jikoni, nikamtangazia mama
kwamba magadi yake ni kaboneti ya sodiamu.
Akafunua chungu. "Na ukiyaita hivyo,
kisamvu kinaiva upesi?"

Lakini nilijifunza pia kuogopa.
Kati ya CO na CO₂
pana kitarakimu tu, kimechuchumaa mguuni pa herufi.
Hiyo yenye kitarakimu naipumua nje nikiandika haya.
Ile isiyo nacho iliwalaza wapangaji wawili
na jiko lao la mkaa, mlango umekomewa,
asubuhi chai yao ikawa baridi sufuriani.

Mtihani wa Novemba, swali la mwisho lilikuwa la huruma:
Taja jina la H₂O.
Tuliandika maji, tukafunga kalamu.

Somoe alikuwa ameamka saa tisa usiku,
ameshuka bondeni na ndoo,
amekuta foleni, amerudi na ndoo ileile
nyepesi kama alivyoondoka nayo.
Aliandika: *Hayajafika.*

Mwalimu Chinunga alipitisha wino mwekundu,
kisha pembeni, kwa herufi ndogo: *Kweli.*

Alama hakumpa.