Daftari la Ajali

Linaning'inia msumarini karibu na mlango wa jikoni,
kwa kamba ya katani, na kalamu isiyo na wino
tangu Pasaka.
Jaladani herufi za Bi Imbuga, nene, zilizonyooka:
AJALI NA MATUKIO.
Ndani, karatasi nyeupe kama shuka za siku ya ukaguzi.

Siku ya ukaguzi wageni wa kaunti hulifungua,
hupeperusha kurasa kwa kidole gumba,
husema, Hongereni, mwaka mzima hakuna aliyeumia.
Nasi tumesimama mstari mmoja, aproni zimepigwa pasi:
Khavere na kifundo cha mkono kilichoviringwa kitenge,
Ambetsa na alama ya meno ya mzee asiyejua tena meno ni ya nini,
mimi na mgongo huu,
mgongo ambao usiku hunisomea majina ya wote niliowainua.

Mashine ya kuinulia ipo.
Isisemwe haipo. Ililetwa na wafadhili, ikapigwa picha,
ikafungiwa stoo isije ikaharibika.
Ufunguo uko kiunoni mwa Bi Imbuga,
na Bi Imbuga huondoka saa kumi na moja,
mvua ya Lurambi ikishakatika.
Usiku tunainua kwa mikono.
Moja, mbili, tatu, Mzee Lubanga, kilo themanini na tisa,
aliyekuwa mpimaji wa miwa kule Mumias
na hadi leo hutukadiria:
"Leo mko wepesi, nyinyi. Hamjala."

Kweli hatujala.

Yupo aliyewahi kuandika. Ukurasa wa kwanza ulichanwa;
ukitazama vizuri utaona vipande vyake vimebaki kwenye mshono.
Muhonja aliandika: *Sakafu ya veranda ina maji. Nimeteleza. Mkono.*
Hakufukuzwa, la.
Aliulizwa tu, mbele yetu, chai ikipoa,
"Wewe ulikuwa unaangalia wapi?"
Nasi tukatazama vikombe.
Juma lililofuata akapangiwa usiku,
na lililofuata usiku, na lililofuata,
mpaka akaaga mwenyewe, akaenda kuuza mitumba ya viatu.
Tulimchangia mia mia. Hatukumwomba radhi.

Hilo ndilo nililotaka kulisema,
maana tukikaa kwenye benchi nje, kila neno ni Bi Imbuga, Bi Imbuga.
Bi Imbuga alikuwa mmoja.
Vikombe vilikuwa saba.

Juzi usiku kijana mgeni, Musotsi, siku yake ya nne kazini,
aliteleza palepale.
Karai likaenda zake, yeye akabaki chini
akicheka kwa aibu, kisha hacheki.
Akauliza, "Lile daftari pale, si ndilo la mambo haya?"
Hakuna aliyejibu. Bomba la jikoni likajibu, tone, tone.
Akaandika kwa penseli ya nyusi ya Khavere,
mwandiko wa mtoto wa shule, tarehe, saa, na jina lake lote.

Asubuhi Bi Imbuga alisoma amesimama.
"Wewe Musotsi, ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikasikia kikombe kikigonga meza. Kumbe ni changu.
Nikasema, Aliteleza alipoteleza Muhonja.
Na mgongo wangu nao uandikwe, wa tangu Februari.
Sauti yangu ilitoka nyembamba, sikuipenda,
lakini ilikuwa imeshatoka.
Khavere akaanza kufungua kitenge, mzunguko baada ya mzunguko.
Ambetsa alibaki akitazama chai yake. Simlaumu, ana watoto wanne.

Bi Imbuga hakusema kitu. Akavuta kiti, akakaa,
nami kwa mara ya kwanza, baada ya miaka sita,
nikaona anavyokaa:
ubavu kwanza, polepole,
meno yameumana,
mkono umeshika kiuno, pale ulipo ufunguo.