Daraja la Tatu

Sijawahi kuvuta sigara. Natangulia kusema
kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mtu.
Nilipuliza moto tu.
Misimu ishirini na sita, hapa Usoke,
bani la mume wangu Lusangija lilikuwa na mdomo mmoja
na aliyeulisha mdomo huo ni mimi:
magogo ya miyombo, siku saba, usiku na mchana,
mtoto mgongoni, shavu karibu na majivu,
fuu, fuu, mpaka mwali ukubali.
Jani likageuka njano, zuri, kama ndizi mbivu.
Mimi niligeuka rangi gani, hakuna aliyepima.

Kikohozi kilianza kama mgeni wa asubuhi:
kikaja, kikanywa uji, kikaaga.
Halafu siku moja kikaja na mkeka wake.
Nikawa naenda kisimani kwa vituo, kama treni ya Kigoma:
kituo, mninga uliopigwa radi;
kituo, uani kwa mama Nsolo;
kituo popote, nimeinama, mikono magotini,
nikijifanya natoa mwiba.

Wakasema kifua kikuu.
Kikombe changu kikapewa msumari wake, peke yake, ukutani.
Makohozi yakapelekwa mara tatu,
mara tatu majibu yakarudi hayana kitu.
Basi, wakasema, huo ni mkono wa mtu.
Lusangija akapeleka mbuzi wawili kwa mganga.
Pumzi haikurudi. Wala mbuzi.

Ni kule Kitete, mjini,
tabibu mmoja kijana, Ndalahwa, alinipa mrija:
puliza, mama, kwa nguvu, mpaka mwisho.
Nikacheka nusura nife.
Mwanangu, kupuliza ndiyo kazi yangu!
Nikapuliza.
Kimashine kikachora mstari uliokata tamaa njiani.

Akachukua bahasha ya dawa, akachora puto mbili zilizolegea.
Hewa inaingia, mama, ila kutoka inagoma;
ya jana imekalia kiti cha leo.
Ni moshi. Hauambukizi, ugonjwa huu.
Kupona, hauponi. Unatunzwa.
Uko hatua ya tatu.

Nikanyamaza.
Tumbaku yangu, chama kiliipa daraja la kwanza.

Sasa nina pampu.
Naivutia kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kitako,
polepole, kisha nabana, nahesabu kumi, nasukutua.
Vyombo naosha nimeketi. Maharage nachambua nimeketi.
Kisimani bado naenda, na vituo vyangu sivifichi tena.
Makohozi yakigeuka kijani, sisubiri Jumatatu.
Na pumzi ikinikimbia, nafanya alivyonifundisha:

kwa pua,
moja, mbili,
kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji wa mtoto,
moja, mbili, tatu, nne.

Fuu.
Ni midomo ile ile.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pumzi niliyokuwa nagawa
ilikuwa na hesabu.

Juzi nikamkuta Kabula, mjukuu, miaka tisa,
amepiga magoti jikoni, shavu karibu na majivu,
kuni mbichi, macho yanamtiririka.
Nilitaka kupiga kelele. Kelele nayo inataka hewa.
Hatua kumi na mbili, kituo kimoja,
nikamshika bega, nikamtoa nje.
Hatukusemezana. Tulikohoa, yeye kidogo, mimi sana.

Lusangija alikuwa ananitazama.
Aliinuka, akachukua jembe,
lile la matuta ya tumbaku,
akaanza kuutoboa ukuta wa jiko.
Udongo ukamwangukia kichwani. Hakusema neno, si mtu wa maneno.

Tundu lenyewe limepinda, mwanga unaingia upande.
Moshi unalipita kwa shida,
unasita, unasukumana,
lakini unatoka.

Kikombe changu bado kiko msumarini, nimekizoea hapo.
Kabula akirudi shule na kiu
hukitungua,
hunywa,
hukirudisha hakijakauka.