Kisanduku cha Nne

Fomu ya muhula ina visanduku vitatu:
anaweza mwenyewe, anaweza akisaidiwa, bado.
Kalamu ninayo tangu saa mbili asubuhi
na nje bado ni usiku.
Desemba, hapa Ísafjörður, jua haliupandi mlima;
tunajua lipo, kama tujuavyo mambo mengi,
kwa kuambiwa.

Somo lenyewe lina jina na namba:
Maisha ya Kila Siku, 2B.
Ghorofani wenzao wa miaka kumi na saba
wanapima kasi ya mwanga.
Sisi huku chini, ubavuni mwa chumba cha boila,
tunapima unga.
Tunakunja taulo. Tunahesabu chenji ya krona elfu,
ingawa dukani siku hizi kila mtu anagusisha kadi tu,
hata mimi.

Eydís hasemi kwa mdomo.
Ana kishikwambi chenye picha arobaini
na kidole kisicho na haraka.
Nilimuuliza anataka kupika nini.
Akabonyeza *hapana*.
Akabonyeza *juu*.
Akabonyeza *hapana* tena, mpaka kioo kikalia.
Nikadhani juu ni kabatini:
nikashusha sukari, nikashusha iliki,
nikashusha hata sufuria ya Krismasi.
Wiki nzima ilipita ndipo nikaelewa
juu ni ngazi.

Sasa kila Jumatano anakaa darasa la fizikia, safu ya nyuma.
Mwalimu Hjalti aliniuliza, "Atapata nini?"
Nikamwambia sijui;
nami nikamuuliza wale wengine wanapata nini.
Mwale ukipinda ndani ya glasi ya maji
Eydís hucheka kicheko kimoja, kifupi,
kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Lakini fomu hii ni ya Sölvi.
Mada: kusafiri kwa basi.
Tulianza Agosti.
Kituo, namba, mlango, "habari za asubuhi,"
kiti cha nyuma ya dereva,
handaki, hesabu taa, usiogope,
Bolungarvík, teremka.
Mara thelathini na moja bega kwa bega.
Mara nne nimekaa viti vya mwisho,
kofia nimeivuta mpaka puani kama mwizi.
Mara iliyofuata akaenda peke yake,
na theluji ikaja upande usiotabiriwa,
na barabara ikafungwa,
na basi halikuja.

Hatukuwa tumemfundisha basi lisilokuja.
Sisi wenyewe tulilisomea wapi?

Mama yake alinipigia simu mara sita.
Nilikimbia koti wazi, nikiyawaza maji ya bandarini,
nikizitaja kwa sauti hatua saba za somo
kana kwamba zingemrudisha.

Nilimkuta duka la mikate.
Viatu amevipanga mlangoni, visigino sambamba.
Muuzaji akanieleza:
"Aliingia akasema, *Basi halikuja. Mimi ni Sölvi.
Nitakaa hapa mpaka mtu aje.*
Akakaa. Halafu akaona maboksi, akaanza kuyakunja."
Yalikuwa mia na kitu, yamesimama kama mnara.
Sölvi akanitazama nilivyolowa, ninavyohema.
"Na wewe," akaniuliza,
"basi lako halikuja?"

Anaweza mwenyewe? Basi hakulipanda.
Akisaidiwa? Nani alimsaidia nani?
Bado. Bado nini?

Naibu mkuu anazitaka fomu kabla ya saa sita.
Nimechora kisanduku cha nne kwa rula,
kimekwenda upande.
Nimekiacha kitupu, nimekipigia mstari,
nimeufuta mstari.

Ng'ambo ya ukuta wanajifunza chapati za Januari,
zile nyembamba, za siku jua litakapovuka mlima.
Nasikia harufu ya siagi.
Sasa si siagi tena, ni moshi,
na kishikwambi kinaita, *moto, moto, mwalimu, moto*,
na huyo ni Eydís, na sauti yake haina hofu hata kidogo.
Fomu ingoje.