Mgeni Chini ya Ngazi

Walikuleta Jumanne, mvua ikitwanga banda la njiwa.
Kijana alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu
asinichafulie zulia.
Akasema: hii ni mita janja, Bi Gwenllian,
hutapiga magoti tena na tochi kusoma namba.
Nikamchemshia chai, nikakukaribisha na wewe.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukakaa chini ya ngazi,
kati ya ufagio na buti za marehemu Emrys.
Mwanao, kile kioo kidogo, ukamtuma jikoni
akae kando ya kopo la sukari
anitazame: kijani, njano, nyekundu.

Wiki mbili ulikuwa na adabu.
Ya tatu, saa tisa za usiku,
nimelala na soksi mbili na chupa ya maji moto,
ukaandika kuwa nimekula umeme
wa duka zima la chipsi.
Mimi! Nikitaka kikombe kimoja
nachemsha kikombe kimoja.

Desemba ukasema sifuri.
Sifuri Jumatatu. Sifuri Krismasi,
bata mzinga akichuruzika mafuta ndani ya oveni
na wajukuu wamewasha kila taa.
Eirlys, binti yangu, akacheka: Mama, umebahatika.
Sikucheka. Nimekulia nyumba yenye madeni;
nalijua deni linapobana pumzi.

Februari likapumua:
paundi mia sita arobaini na moja
na peni kumi na tatu. Peni hawazisahau.

Nikapiga simu. Kinanda.
Simu yako ni muhimu kwetu.
Dakika arobaini na saba za umuhimu,
kisha binti mmoja, Harpreet, sauti yake ina mafua:
Zima kila kitu, mama, tuone.

Nikazima. Friji likakohoa, likanyamaza.
Nikazima redio, birika, taa ya ukumbini.
Nikapanda chumbani, nikaichomoa hata saa
aliyoitega Emrys ilie saa kumi na moja alfajiri,
zamu ya asubuhi,
ambayo kwa miaka tisa imelia
nami kwa miaka tisa nimeiacha ilie.

Nikapiga magoti gizani, tochi mdomoni.
Namba ikasogea.
Imesogea, nikasema.
Haiwezekani, akasema Harpreet.
Tukanyamaza, kila mtu akisikia pumzi za mwenzake,
nayo ikasogea tena.

Fundi alikuja Machi, Bleddyn, jitu la watu,
akasimama bustanini ameinua kidude chake angani
kama anayeomba radhi.
Mawimbi hayafiki, akasema. Mlima umeyaziba.
Na ile ya saa tisa usiku?
Akakuna sikio. Ile hajui.

Mlima!
Baba aliingia tumboni mwake miaka thelathini na moja,
akatoka na makaa ya kuwashia miji ya watu
na kifua kilicholia filimbi hadi kaburini.
Leo mlima huo huo hautaki
hata namba yangu moja ipite.
Sikujua nimkasirikie nani. Nikampa Bleddyn keki.

Kumbe njiwa wa Emrys walikuwa wakiuvuka.
Wakiachiwa Ufaransa alfajiri,
mchana wako bandani, wanadai punje.
Daftari lake ninalo: namba ya pete, saa ya kuachiwa,
saa ya kufika; na mmoja, jike la kijivu,
mbele yake mstari mtupu
aliouacha wazi msimu mzima.

Chini ya mstari huo sasa nakuandika wewe.
Kila Jumapili, magoti yakilalamika, tochi mdomoni.
Nimekufungia penseli kwa uzi wa kufumia.
Mgeni siku mbili, bwana; ya tatu, jembe.
Kampuni inasema inachunguza.
Na ichunguze. Daftari lina kurasa.

Ila saa ya chumbani.
Nilipoirudishia umeme ilinikodolea sifuri nne,
zinawaka, zinazima.
Eirlys anasema ni kubonyeza tu vitufe viwili.
Najua.
Bado naamka saa kumi na moja.