Jumamosi ya Kuni

Mahubiri ya kesho sijayaandika.
Karatasi iko mezani tangu Alhamisi,
ina neno moja, "Ndugu," na mkato,
na doa la chai pembeni ya mkato.

Asubuhi nilichimba njia ya kanisa.
Theluji ilikuwa imefika kitasani,
basi la Riga halijapita siku ya pili.
Waumini wetu ni kumi na mmoja,
kumi na wawili Skaidrite akiletwa na mwanawe,
lakini njia huwa naichimba pana
kana kwamba kuna arusi.

Halafu nikaenda kwa Ojars.
Tangu amzike Velta, mwezi wa tisa,
hajakanyaga kanisani.
Nilibeba mkoba mdogo: divai, mkate, kitabu,
na maneno niliyoyapanga njiani
kama mtu anayekwenda kuposa.

Alifungua mlango, akautazama mkoba.
"Mchungaji, sala ninazo. Sina kuni."
Basi mkoba ukapewa kiti,
mimi nikapewa shoka.

Chuoni walinifundisha Kigiriki.
Hawakunifundisha kwamba gogo lina ufa wake
na kazi yako ni kuutafuta tu;
kwamba penye fundo usishindane napo,
geuza gogo, anzia upande wa pili.
Ojars aliniambia mara moja,
kisha akaniacha nikosee mpaka saa sita.

Hakuna aliyemtaja Velta.
Ila nilipozipanga kuni ukutani
alizishusha zote, akaanza upya.
"Yeye alitaka ncha nyembamba zitazame nje."
Akazipangusa theluji kwa mkono mtupu,
moja baada ya moja,
na mimi nikajifanya nafunga viatu.

Nyuma ya ghala kuna mizinga minne,
imezama kwenye theluji hadi kiunoni.
"Weka sikio hapo," akasema.
Nikavua kofia. Ubao ulikuwa baridi ya kuuma.
Kwanza sikusikia kitu,
ila damu yangu mwenyewe.
Kisha, kwa ndani sana,
kama chungu cha jirani kinachokaribia kuchemka.

"Wamo?"
"Wamo."
"Haya," akasema, "twende tukale."

Viazi, samaki wa chumvi, mkate mweusi.
Akainamisha kichwa, akaianza sala ya mezani,
ile fupi ambayo kila mtoto wa huku anaijua,
na baada ya mstari wa kwanza akakoma.
Nilidhani amesahau.
Akanong'ona, bila kuinua macho:
"Katikati alikuwa anasema yeye."

Mimi ile sala naijua yote.
Ulimi ulishanyanyuka.
Naapa, katika miaka ishirini na sita ya kazi hii
sijafanya jambo gumu kuliko kuurudisha chini.

Tukaingoja ile katikati.
Saa ya ukutani ilikwenda.
Viazi viliacha kutoa mvuke.
Muda ulipotosha, muda wa mistari miwili hivi
kwa mwanamke asiye na haraka,
Ojars akasema, "Amina," akanipa chumvi.

Mkoba nimerudi nao haujafunguliwa.
Askofu akiuliza nimehudumu vipi
sijui nitajaza nini kwenye fomu:
mita mbili za kuni? sikio moja la barafu?
Nilizoea kuwaambia watu imani ni mwamba.
Huenda ni mwamba. Leo ilikuwa ni kutofungua mdomo
mbele ya viazi vinavyopoa.

Sasa ni saa nne usiku.
Viganja vimejaa malengelenge, kalamu haishikiki.
Kesho nitasema machache, na Skaidrite atasinzia
kama kawaida yake, Mungu ambariki,
ndiye pekee anayepumzika siku ya Bwana.

Kutoka dirishani naiona nyumba ya Ojars.
Moshi unapanda wima, hakuna upepo.
Nauangalia kwa kiburi kidogo, nisamehewe:
robo ya moshi ule ni jasho langu.