Dagaa wa Uzi

Sweta la shule la Bukuru nimelifumua,
shingo kwanza, kisha kiwiko kilichotoboka.
Uzi ukatoka umejikunja, haujausahau mwili.
Nikafuma dagaa, urefu wa kidole,
tumboni sufi, jicho fundo jeusi,
ili Kaniki acheze nao
awaache wa kweli pale mchangani Kibirizi.

Siku ya kwanza kanuna.
Ya pili kamnusa mmoja, kamng'ata mkia,
kamrusha, kamuua, kamfufua, kamuua.
Ya tatu naamka, kapuni hamna kitu.
Kawabeba usiku, mmoja mmoja,
kawaanika na wenzao.
Mchango wake.

Nimeokota sita. Nilifuma saba.
Na gunia lilikwishapanda treni.

Jumanne simu ikalia, Bi Kalunde wa Tabora:
"Dada, huyu wa bluu nimemchemsha saa nzima,
haivi, kazi kuchuja rangi mchuzini."

Nikaanza kuomba radhi.

"Ngoja, sijamaliza.
Paka wangu kamwopoa jalalani, kalala naye.
Nifumie mwenzake."

Nikalitazama sweta.
Mkono wa kushoto ungalipo.