Picha ya Mia Tatu na Sitini

Saa kumi alasiri, Tartu imeshafunga giza.
Tõnis amebandika gazeti la juzi kwenye kioo cha mlango
asije mpita njia akatuchafulia weusi wetu.

Chini ya hadubini, seli za moyo wa samaki,
zimevishwa protini ya kijani, zinadunda.
Leza inazipiga, zinang'ara.
Kila sekunde kumi, picha,
na kila picha inazila kidogo.
Ndiyo kodi ya kutazama:
unachokimulika, unakichakaza.

Picha ya kwanza: elfu moja mia nane na arobaini.
Ya mia tatu na sitini: mia sita na ushei.

"Nazidisha mara tatu," asema Tõnis,
na kabla sijameza mate amekwisha bonyeza.

Zikarudi! Kijani kibichi, kama hazijawahi kuchoka.
Lakini tazama kando, kule kusikokuwa na kitu:
chengachenga nazo zimezidi mara tatu,
giza limeota vipele.
Na ile ya kushoto, ya kumi na nne,
iliyoacha kudunda tangu picha ya mia mbili,
nayo inawaka
katika nguo ya kuazima.

Ngoja, mwanangu.
Tangu lini hesabu ikajua
nani amepauka na nani amekufa?

Nikatoa kwenye jokofu kioo cha Jumatatu,
seli zilezile, tulizozigandisha kwa formalini.
Hazidundi. Hazina la kuficha.
Leza ileile, sekunde zilezile, saa nzima.
Tukala mkate mweusi kwa siagi, hatukusemezana.
Nazo zikafifia, mdogo mdogo,
bila sababu yoyote ila mwanga wetu.

Huo mteremko wa wafu ndio tuliouchora.
Tukaondoa kwanza giza tupu,
kisha kila picha tukaigawanya
kwa kile ambacho wafu walibakiwa nacho.

Zilizo hai zikapanda mahali pake.
Ya kumi na nne ikabaki chini.
La kuvunda halina ubani.

Tõnis akaandika daftarini, kwa mwandiko wake wa kuku:
*Seli ya 14 imezimika yenyewe. Si kosa la taa.*
Akaitazama leza, ambayo bado ilikuwa ya moto.
Akafuta nukta ya mwisho,
akaongeza: *labda*